Sifuri Niliyoiandika Karurumo

Jumatatu, 7 Machi 1955. Karurumo.

Betri imekufa tena. Nyaga ameniambia saa kumi na mbili na dakika ishirini, komeo la mlango wangu lilipofunguliwa. Asubuhi ya tatu mfululizo: Jumamosi, jana, leo.

Gari ni pikapu ya gazeti. Nyaga ndiye dereva, mtu wa Ishiara, mwaka wa sita nami. Halewi, hachelewi, hasemi sana. Wiki iliyopita tulilala Embu mjini siku nne na injini iliwaka kila asubuhi kwa mguso mmoja. Tangu tuingie hapa Ijumaa haijawaka hata mara moja bila kusukumwa.

Hapa ni kijiji kipya. Handaki pande zote, vijiti vilivyochongwa ndani yake, lango moja. Kituo cha homgadi, walinzi wa serikali, kiko juu ya mteremko na kina ua wake. Nimekuja kuandika makala tatu. Mbili zimekwisha. Pasi yangu inaisha Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Ya Nyaga imebanwa kwa pini kwenye yangu.

Mkuu wa kituo ni Sajini Ireri, aliyepigana Burma. Saa kumi na mbili jioni hupokea ufunguo wa gari. Breki ya mkono haishiki na uwanja una mteremko, kwa hiyo hubana pedali ya breki kwa kigogo, akakishikiza kwenye fremu ya kiti, kisha hufunga kigogo na usukani kwa mnyororo na kufuli. Mbinu yake mwenyewe. Anajivunia. Gari haliwezi kuibwa hata kwa kusukumwa. Asubuhi hukitoa mwenyewe ndipo amwite Nyaga.

Kisha hunifungia mimi. Komeo liko nje. "Ni usalama yako, Bwana Mwandishi." Dirisha limezibwa kwa mbao. Nyaga hulala jikoni kwa walinzi, kwa sababu chumba changu ni cha kitanda kimoja. Saa kumi na mbili kamili za kutoona kitu. Nimeshafungiwa pabaya zaidi. Bado sipendi.

Leo gari limesukumwa na wanawake waliokuwa wakipelekwa kuchimba matuta. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alipaza sauti: "Gari ya kuandika habari inasukumwa na watu hawajui kusoma! Andika hiyo!" Wakacheka wote. Mlinzi akawanyamazisha. Nimeiandika.

Nyaga amekagua mkanda wa dainamo, vichwa vya betri, maji. Vyote vizuri. Amesema: "Mchana stima inaingia. Usiku inatoka. Kuna pahali inavuja." Anataka mita ya kupimia. Saa tano lori la Hamisi wa Meru mjini lilisimama langoni. Hamisi husafirisha mizigo na kutengeneza redio. Mita anayo, lakini iko nyumbani. Ataileta keshokutwa.

Jumanne, 8 Machi.

Nyaga amekamatwa.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi betri ilikuwa imekufa. Namu, mlinzi kijana, alimwambia Sajini kwamba usiku aliona mwanga kwenye gari. Alikuwa kwenye mnara mpya wa nyuma, ambao umeanza kutumika jana. Gari huegeshwa likiwa limeupa ua mgongo. Nyuma ya ua ni bonde, na ng'ambo ya bonde ndiko unakoanzia msitu wa wapiganaji wa Mau Mau.

Ireri hakupiga kelele. Aliita watu wawili, wakamtoa Nyaga jikoni akiwa bado na kikombe mkononi. Akaniambia: "Betri haikufi yenyewe. Mtu amewasha taa ionekane msituni. Wewe nilikufungia. Yeye sikumfungia."

Nilisema Nyaga hana ufunguo usiku. Akajibu kwamba dereva wa miaka sita hahitaji ufunguo kuwasha taa. Ni kweli. Swichi ya taa haiulizi ufunguo.

Nilisema mnyororo umezuia usukani. Akasema mnyororo haukuzuia swichi. Hilo pia ni kweli.

Saa nane lori la serikali lilimchukua kwenda kambi ya uchunguzi, Embu. Alipandishwa mikono imefungwa mbele. Alinitazama akasema jambo moja tu: "Bwana, mita ikija, toa waya ya betri, weka mita katikati." Alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananikumbusha petroli.

Najua kambi hizo. Nimeandika juu ya tatu, na mengi ya niliyoyaandika hayakuchapishwa. Kamati ya uchunguzi ikimwekea alama mbaya, atapelekwa kizuizini. Hakuna hukumu wala miaka inayotajwa. Mama yake yuko Ishiara peke yake.

Betri imetolewa kwenye gari na kuwekwa ghalani kama ushahidi. Kwa hiyo sina dereva, sina betri, na pasi ya Nyaga imenyofolewa kutoka kwenye yangu. Pini imebaki.

Nimekasirika. Sina mtu wa kumkasirikia.

Jumatano, 9 Machi.

Hamisi amekuja saa nne. Alipoambiwa, akasema "Innalillahi," kisha akapanda lori na kushuka na sanduku dogo jeusi lenye mkanda wa ngozi. Mita. Uso wa kioo, mshale mwembamba, kitasa cha kuchagulia kazi, nyaya mbili: nyekundu na nyeusi. Aliinunua kwa askari wa mawasiliano baada ya vita.

Amenifundisha kwa dakika kumi, kwenye boneti ya lori lake. Volti: gusisha ncha mbili za betri. Ampea: fungua waya mmoja wa betri, mita ikae kati ya waya na betri, stima yote ipite ndani yake. Gari likiwa limezimwa kabisa, mshale ulale kwenye sifuri. Ukiinuka, kuna kitu kinakula. Hapo unachomoa fyuzi moja moja hadi ulale. "Anza na kipimo kikubwa, Bwana Mwandishi. Ukianza na kidogo, utauvunja mshale wangu. Ukiuvunja, usinirudishie. Nitumie salamu tu." Kisha akaenda. Hawezi kusimama hapa zaidi ya robo saa.

Saa saba Bwana D.O., ofisa wa tarafa, alifika kukagua handaki. Mzungu kijana, mwenye mafua, Kiswahili chake ni cha darasani. Nilimwomba ruhusa ya kupima mbele yake. Akakubali. Ireri akaamuru betri irudishwe garini.

Volti tisa na nusu. Betri hoi, lakini haijafa kabisa.

Nikafungua waya. Nikaweka mita katikati, kipimo kikubwa. Mshale haukusogea. Nikashusha kipimo. Haukusogea. Nikashusha hadi cha mwisho. Sifuri. Nilitikisa nyaya, nikageuza za mita, nikarudisha kipimo kikubwa na kubonyeza swichi ya taa kuhakikisha mita inafanya kazi. Mshale uliruka. Nikazima taa. Sifuri.

D.O. aliuliza: "Maana yake nini?"

Nikasema: "Gari hili likiwa limezimwa, halivuji."

"Kwa hiyo betri ilimalizwa na mtu."

Hakulihitaji jibu langu. Aliniomba niandike nilichokiona na kutia sahihi. Niliandika mistari minne: saa, vipimo, sifuri. Ni kweli yote. Karatasi imeondoka naye kwenda Embu, kuingia kwenye faili ya Nyaga.

Ireri alirudisha betri ghalani. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nina miaka ishirini na mitano katika kazi hii. Sijawahi kuandika kitu cha kweli kinachonichefua kama kile.

Alhamisi, 10 Machi.

Mvua ya kwanza. Kijiji kizima ni tope. Sikuruhusiwa kutoka uani hadi saa tatu. Nilisoma daftari langu kuanzia Ijumaa, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma la mwandishi mwingine ninayemshuku.

Kosa nililipata kwenye Jumanne. Niliandika "aliona mwanga." Sikuandika mwanga gani. Mwandishi mgeni wa wiki ya kwanza angemuuliza shahidi. Mimi sikuuliza.

Nilimtafuta Namu. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za kuchemsha. Ana umri wa miaka ishirini hivi, anaogopa kila mtu, mimi pia. Naandika alivyosema:

"Mwanga wa rangi gani?"

"Nyekundu, bwana. Mbili. Kama macho ya fisi."

"Ziliwaka na kuzimika?"

"Aii, hapana. Inakaa tu. Mpaka asubuhi inakuwa hafifu hafifu."

"Mbele ya gari au nyuma?"

"Nyuma. Mimi naona nyuma peke yake."

"Kwa nini hukumwambia Sajini kuwa ni nyekundu?"

"Yeye aliuliza kama nimeona mwanga. Nikasema nimeona."

Nilitoka nikasimama kwenye mvua.

Anayemwashiria mtu huwasha na kuzima. Haachi taa ikae hadi ife. Na taa za mbele si nyekundu. Nyekundu mbili zinazowaka pamoja nyuma ya pikapu ile ni za breki tu, maana taa ya namba ni moja na nyeupe, na taa ndogo za nyuma hazina balbu tangu safari ya Thika. Mwaka jana waya wa breki uliungua, na fundi wa Nairobi akaziunganisha taa hizo moja kwa moja na betri. Nilikuwa nimesimama pale, nikiona anavyofanya. Tangu siku ile ukikanyaga breki zinawaka, ufunguo uwepo au usiwepo.

Kwa saa kumi na mbili kila usiku breki imekanyagwa. Kwa kigogo.

Embu mjini hapakuwa na kigogo. Jana saa saba mchana hapakuwa na kigogo. Nyaga alinipa maagizo sahihi na Hamisi akanifundisha sawasawa. Nililipima gari la mchana. Gari lililokufa ni la usiku.

Nilikwenda kwa Ireri na kumweleza, polepole, bila kuongeza neno. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama ukutani, kigogo kinapoegemezwa mchana.

"Kwa hivyo ni mimi."

Nikasema ni taa za breki. Nikaomba betri kwa dakika tano.

"Bwana, wewe uliandika sifuri. Na sahihi yako." Akavaa koti, akatoka.

Saa kumi na moja nilipita ukutani. Kigogo hakipo. Mnyororo upo.

Nimefungiwa kama kawaida. Nasikia mvua kwenye bati na hatua za mlinzi. Naogopa, na si kwa ajili yangu. Kule Embu wanauliza maswali tangu juzi. Mtu akiulizwa jambo moja siku tatu, hufika mahali akasema ndiyo ili apumzike. Nimewaona waliosema ndiyo.

Ijumaa, 11 Machi.

D.O. alirudi saa tano kwa sababu ya handaki, lililoanguka upande mmoja. Nilimsubiri langoni tangu saa tatu. Nilimwambia nataka kusahihisha maandishi yangu. Akasema maandishi yalikuwa wazi. Nikasema yalikuwa wazi na pungufu. Akapenga kamasi, akatazama saa, akasema nina dakika kumi.

Betri ikaletwa. Nikafungua waya, nikaweka mita katikati. Sifuri, kama Jumatano. Nikamwonyesha.

Kisha nikamwambia kwamba usiku gari halikai hivi. Akamgeukia Ireri. "Usiku linakaaje, Sajini?"

Hapo palikuwa na watu wapatao kumi. Namu alikuwepo. Wanawake wa matuta walikuwa wamesimamishwa pembeni kungoja lango, na yule mwenye mtoto mgongoni alikuwa mbele yao. Ningeweza kuikanyaga pedali mwenyewe, au kuokota kipande chochote cha mti. Lakini mguu wangu ungethibitisha mguu wangu tu. Nilihitaji aseme yeye kwamba hufanya hivyo kila jioni. Nilitazama mita.

Ireri alisimama wima. Kisha akaondoka bila kuaga, akaenda nyumbani kwake nyuma ya ghala. D.O. akaniuliza anakwenda wapi. Nikasema sijui. Nilidhani ndiyo basi.

Alirudi na kigogo begani.

Hakunitazama. Aliinama ndani ya gari, akaweka ncha moja kwenye pedali, akaigonga nyingine kwa kiganja hadi ikakaa kwenye fremu ya kiti. Akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Alifanya kwa uangalifu, kama anavyofanya jioni. Akasema kwa sauti ya askari: "Hivi, effendi. Kila siku tangu Ijumaa. Mkono yangu."

Mshale ulikuwa umeinuka kabla hajamaliza kusema. Ampea mbili na nusu. Haukutikisika.

Namu alikuwa nyuma ya gari. "Ni hiyo! Ni hiyo nyekundu!" Yule mama mwenye mtoto akasema kitu kwa Kiembu na wenzake wakacheka hadi mlinzi naye akacheka. Nilimuuliza Namu baadaye. Yule mama alikuwa amesema: "Kumbe Sajini ndiye anaita watu wa msitu!"

Ireri alisikia. Hakumwadhibu mtu.

D.O. alisoma mshale mara mbili. Nikamfanyia hesabu: ampea mbili na nusu kwa saa kumi na mbili, betri kuukuu, safari fupi mchana. Akaelewa. Nikauliza kama Nyaga ataachiliwa leo.

Hapana. Faili iko mbele ya kamati na yeye hana mamlaka ya kuitoa. Kamati inakaa Jumatatu saa tatu asubuhi. "Karatasi yako ya sifuri iko humo," alisema. Si kwa ubaya. Alikuwa akieleza utaratibu.

Niliuliza hali ya Nyaga.

"Hajakiri bado."

Bado. Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema.

Jumamosi, 12 Machi.

Pasi yangu imeongezwa hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Muhuri ni wa D.O., umekuja na mwendesha baiskeli. Siku mbili zaidi ndani ya handaki hili. Nilifurahi kuzipata, jambo ambalo nisingeliamini Jumatatu.

Nimeandika maelezo ya pili. Ukurasa mmoja. Nimeeleza kwa nini ya kwanza yalikuwa ya kweli na kwa nini yalipotosha. Kosa nimeliita langu, kwa kuwa ni langu.

Ireri alikuja mchana na kiti chake. Alitaka maelezo yake pia yaandikwe. Alisema, nikaandika, nikamsomea. Niliweka "kwa bahati mbaya" mahali fulani. Akanisimamisha.

"Toa hiyo. Sema nilifunga breki na mti. Sikusema nilikosea, sikusema sikukosea. Sema nilifunga."

Nikaitoa. Angekuwa mhariri mzuri. Alitia sahihi taratibu, herufi moja moja, kama walivyofundishwa jeshini.

Nilimuuliza kwa nini Alhamisi alikificha kigogo. Alikunja karatasi, akasema: "Hapa watu wananiogopa kwa sababu mimi sikosei. Wakijua nakosea, nitawalinda na nini?" Kisha akasema kwamba anamjua mama wa mtu mmoja aliyepelekwa kizuizini kwa neno lake mwaka jana, na kwamba hukutana naye sokoni. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Akanifungia.

Jumapili, 13 Machi.

Gari limewaka kwa mguso mmoja.

Hamisi alipita jana jioni akielekea nyumbani, akaniazima betri nzima hadi Jumatano. Jana Ireri hakutumia kigogo. Aliweka mawe mawili nyuma ya magurudumu na kufunga mnyororo kwenye usukani peke yake. Namu ameniambia, bila kuulizwa, kwamba usiku kucha hakuona mwanga wowote.

Mvua imekatika. Wengine wako kanisani, wengine wanaanika nguo juu ya ua wa miiba. Kutoka uwanjani naona moshi wa nyumba zote ukipanda wima. Kijiji kinaonekana kidogo kuliko nilivyodhani. Nimekizunguka chote kwa dakika kumi na nne.

Nimefunga mita ndani ya sweta yangu. Pini ya pasi ya Nyaga nimeitia mfukoni.

Kesho lango litafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Runyenjes, kisha Embu. Nitaendesha mwenyewe. Ireri atakaa kando yangu, na amepiga pasi sare yake. Kigogo kitakwenda nyuma, iwapo kamati itataka kukiona. Kiti cha dereva nitakikalia wakati wa kwenda tu.

Kamati ni saa tatu.